Kivimbe Ambacho Hakuna Aliyekitaja

Katika ukoo wetu mgonjwa ndiye mtu wa mwisho kujua anaumwa nini. Anaanza kujua daktari, kisha mtoto aliyesoma, kisha shangazi, kisha kwaya ya kanisa, kisha muuza mkaa. Mgonjwa mwenyewe anaambiwa, ikibidi, siku ambayo hana tena nguvu ya kuuliza swali la pili. Sisemi haya kuwasengenya ndugu zangu. Mtoto aliyesoma ni mimi.

Ninafundisha baiolojia katika sekondari moja hapa Tabora mjini na ninaishi Cheyo. Kwa miaka kumi na sita nimesimama mbele ya kidato cha nne nikieleza seli, kromosomu na jeni kwa sauti inayowafikia hadi wapishi wa shule. Mpishi mmoja aliwahi kunieleza tofauti ya jeni tawala na jeni fichikizi huku akikoroga maharage, wala hakukosea. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniomba niongeze sauti.

Baba yangu anaishi Ntalikwa, nje kidogo ya mji. Ana shamba la mahindi na karanga, mizinga michache ya nyuki, na dada yake mjane, shangazi yangu, anayemtunza tangu mama alipofariki. Ujana wake wote aliumalizia relini. Alikuwa mkaguzi wa njia: kila asubuhi alitembea juu ya mataruma na nyundo ya mpini mrefu, akigonga boliti moja moja na kusikiliza ipi imelegea. Mpaka leo akiingia nyumba ya mtu hugonga bawaba za mlango kwanza, ndipo apokee kiti. Ni mtu wa maneno machache. Anacheka sana, lakini kicheko chake karibu chote amemwekea mtu mmoja, mtani wake.

Mtani huyo ni Mgogo. Aliletwa Tabora na kazi hiyohiyo ya reli, akaoa hapa, akazeekea hapa. Zamani za misafara, babu zetu Wanyamwezi walipita Ugogo wakiwa wamebeba pembe kwenda pwani, na Wagogo wakawatoza hongo, ushuru wa kupita, ndipo wawaruhusu kunywa maji ya visima vyao. Waligombana mpaka wakachoka kugombana, wakaanza kutaniana, nasi wajukuu tumeurithi utani huo pamoja na mashamba. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kufika msibani kwako akashuka kaburini akalala humo kabla ya maiti, na watu wakamwona ametimiza wajibu wake. Wewe huna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirikia utani ndiye anayeaibika, mtaani kote, hadi kwa watoto wake.

Mtu huyu ni mdogo kwa Baba kwa miaka minne, kwa hiyo alipaswa kumwamkia. Kwa miaka arobaini hajafanya hivyo hata mara moja. Salamu yake, akiingia uani, ilikuwa ni hii: "Bado hujafa, mpagazi?"

Na Baba hujibu: "Nife nikuachie nani, mtoza hongo?"

Hapo wanakaa, na kwa saa mbili hakuna neno la heshima litakalotoka kinywani mwa yeyote kati yao.

Mwaka juzi Baba alianza kuacha chakula. Hakuwa akikikataa. Alikuwa akikipokea, anashukuru, anamega matonge matatu, kisha anasukuma sahani pole pole kuelekea kwa jirani yake, kama mtu anayesukuma barua asiyotaka kuisoma. Kola ya shati lake la kanisani ikaanza kumzidi shingo. Mwezi wa pili alitapika mara mbili shambani. Nikaomba ruhusa shuleni, nikampandisha basi, tukapita Nzega na Shinyanga hadi hospitali kubwa Mwanza.

Walimpitisha kooni bomba jembamba lenye kamera, wakaangalia tumbo kwa ndani na kukata vinyama vidogo vya kupeleka maabara. Baba alipozinduka aliuliza kama atapewa picha yake. Nesi alicheka. Mimi nikacheka. Tulirudi nyumbani tukiwa na furaha kabisa.

Baada ya wiki kadhaa tuliitwa kupokea majibu. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi, Baba ameshika kofia yake mapajani, mlango ukafunguka, daktari kijana akatoa kichwa. Akasema, "Ndugu wa mgonjwa?"

Mgonjwa alikuwa palepale, mita moja na nusu kutoka mlangoni, macho yanaona, masikio yanasikia, akili timamu. Sote watatu tuliona ni jambo la kawaida. Niliingia mimi, mlango ukafungwa.

Daktari yule alikuwa akifanya utafiti wa shahada yake ya juu, na kinyama cha Baba kilikuwa kimeingia kwenye utafiti huo kwa sahihi ya Baba mwenyewe, aliyedhani anasaini kupokea dawa. Aliposikia kwamba mimi ni mwalimu wa baiolojia alifurahi waziwazi. Nadhani tangu asubuhi alikuwa akiwaambia watu "kuna uvimbe kidogo" na "mtumaini Mungu", na sasa amepata mtu wa kumwambia yote. Akageuza fomu, akachora nyuma yake.

"Hii si kansa, Mwalimu," alisema. "Bado."

Kwenye ukuta wa ndani wa tumbo la Baba, alinieleza, kumeota kivimbe chenye ukubwa wa korosho. Vijidudu ambavyo wengi tunaishi navyo tumboni tangu utotoni vilikuwa vimeuchokoza ukuta ule kwa miaka mingi, na sasa seli za kivimbe zimeanza kupoteza mpangilio. Ndani ya kila seli kuna jeni ambazo kazi yake ni kusahihisha makosa wakati seli inanakili maandishi yake ili igawanyike. Katika kivimbe cha Baba mojawapo ya jeni hizo ilikuwa imenyamazishwa. Haikukatika wala haikupoteza herufi hata moja. Vibandiko vidogo vya kemikali vilikuwa vimejipanga mwanzoni mwake, na seli haiwezi tena kuisoma.

"Kwa hiyo makosa yanapita," nilisema.

"Yanapita. Hasa mahali ambapo herufi zilezile zinajirudia." Akaandika silabi moja mara nyingi mfululizo kwenye karatasi. "Mwambie mwanafunzi anakili hii. Atapoteza hesabu. Ataweka moja pungufu, au mbili zaidi. Wa nyuma yake atanakili kosa na kuongeza lake. Kama mwalimu hasahihishi, daftari la mwisho halifanani na la kwanza. Maandishi ya seli hizi yameshaanza kuyumba hivyo. Leo kosa limeangukia mahali pasipo na madhara. Siku litakapoangukia neno la maana, tutakuwa tunazungumza ugonjwa mwingine."

Dawa yake ilikuwa rahisi kuliko maelezo yake. Baba ameze vidonge vya kuua vijidudu kwa wiki mbili, kisha arudi, na kivimbe kitolewe chote kwa kamera ileile, bila kupasua tumbo. Alinisisitizia tusikae zaidi ya mwezi mmoja au miwili. Nikamshika mkono kwa shukrani nyingi. Ninaona aibu kusema hivi, lakini nilitoka chumbani mle nikiwa na furaha ya mtu aliyehudhuria somo zuri. Nilikuwa tayari ninafikiria jinsi mfano wa daftari utakavyowafaa kidato cha nne.

Baba alisimama. "Wamesemaje, mayu?" Mayu ndivyo anavyoniita, ni neno letu la kumwitia mama, kwa sababu nimechukua jina la mama yake.

Nikasema, "Vidonda vya tumbo, Baba."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Maneno yalitoka yenyewe, laini, yamekamilika, na baadaye nilielewa kwamba yalikuwa yamekaa tayari mdomoni mwangu tangu utotoni, kwa kuwa ndivyo bibi yangu alivyoambiwa, na mjomba, na mama yangu mwenyewe. Niliogopa. Niliogopa uso wa Baba utakavyobadilika, nikaona afadhali tumbo lake libadilike kuliko uso wake. Mwalimu wa baiolojia, huyo.

Jioni ileile kaka yangu aliye Dar es Salaam, niliyempigia simu na kumweleza ukweli, alifungua kundi la WhatsApp la kushughulikia afya ya Baba. Aliwaingiza watu kumi na tatu. Baba hakuwamo, ingawa simu yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Mwenyekiti alichaguliwa shangazi, ambaye hajui kuandika ujumbe lakini anajua kurekodi sauti za dakika sita. Ajenda ya kwanza ilikuwa nani amwambie Baba. Ajenda ya pili ilikuwa nani amevujisha ajenda ya kwanza kwa wanakwaya.

"Mgonjwa haambiwi," shangazi alitoa uamuzi. "Neno kama hilo ukilitaja ndani ya nyumba linavuta kiti linakaa."

"Lakini si kansa, Shangazi," nilisema. "Ndiyo maana tunawahi."

"Sasa kama si kansa unataka kumwambia nini?"

Kaka yangu naye akaandika: "Sista, mzee mwacheni ale maisha. Stresi ndiyo inaua." Watu tisa wakaweka alama ya mikono iliyounganishwa kwa sala. Mimi nikaweka ya kumi. Ningeweza kubisha. Darasani ninabishana na wakaguzi wa elimu.

Na kwa kuwa Baba alikuwa na vidonda vya tumbo, kila aliyefika Ntalikwa alifika na asali. Mkoa wetu hauna ugonjwa usiotibiwa kwa asali. Ilikuja asali ya nyuki wakubwa na ya nyuki wadogo, iliyochanganywa na unga wa magome na iliyoombewa. Mtu mmoja kutoka Choma, kule Igunga, alileta chupa nzima kwa mtu ambaye ana mizinga yake mwenyewe nyuma ya nyumba. Baba alizipanga chupa dirishani. Alimeza pia vidonge vya hospitali, ambavyo tulikuwa tumemwambia ni vya vidonda, na kweli hamu ya chakula ikarudi kidogo. Kundi likashangilia. Shangazi alirekodi dakika sita za kumshukuru Mungu, na kwa nyuma ya sauti yake Baba alisikika akiuliza, "Unaongea na nani?"

Mwezi ukaisha. Nikaenda Ntalikwa kumchukua tukapande basi la Mwanza. Nilimkuta anapura karanga.

"Mwanza kufanya nini?"

"Kutoa... Kuangalia tena vile vidonda, Baba."

Alinitazama kwa upole mkubwa. "Mayu, vidonda vya tumbo nusu ya Tabora wanavyo. Umewaona wanapanda mabasi kwenda Mwanza? Vinapoa hivi. Wewe rudi ukafundishe watoto wa watu."

Mtu mwenye vidonda vya tumbo asingekuwa na haja ya kurudi Mwanza. Alikuwa amefikiri sawasawa kabisa kutokana na kile alichopewa, na aliyempa ni mimi. Tulikuwa tumemdanganya vizuri mno. Kila nilipojaribu kumharakisha nilitakiwa ama nimwambie ukweli au niongeze ukubwa wa vidonda, na nikachagua kuongeza vidonda. Mara ya tatu aliniambia nimepata wasiwasi kwa sababu ya kusoma sana.

Mwezi wa pili ukaisha, wa tatu nao ukaisha. Nilikuwa ninaamka ninahesabu seli. Nilijua, kwa ujuzi wangu wote wa ubao na chaki, kwamba siku niliyokuwa ninasahihisha mitihani ya muhula, ndani ya Baba kuna madaftari yanayonakiliwa bila msahihishaji. Nilifundisha mgawanyiko wa seli wiki ile. Nilifundisha vizuri sana.

Hapo ndipo nilipopata wazo nililoliona la busara kuliko yote niliyowahi kuwa nayo. Kama ndugu hawezi kusema, aseme mtani. Ndiye anayeruhusiwa kusema lolote. Misibani ndiye anayetaja madhaifu ya marehemu ambayo sote tunayajua na hakuna anayethubutu. Kundi zima likapumua. Shangazi alikubali kwa rekodi fupi kuliko zote, nusu dakika, kwa sababu mtani akisema jambo, hakuna nyumba inayobeba hatia yake.

Nikamfuata yule mzee nyumbani kwake, nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza kila kitu. Alisikiliza mikono ikiwa magotini. Aliuliza swali moja tu: "Kikitolewa anapona?"

"Kikitolewa mapema, ndiyo."

"Basi nitamwambia kesho."

Kesho yake nilikuwepo. Aliingia uani kwa mwendo wake wa kawaida.

"Bado hujafa, mpagazi?"

"Nife nikuachie nani, mtoza hongo?"

"Safari hii unakufa kweli. Tumboni mwako kumeota uyoga. Madaktari wameuona kwa kamera. Usipokwenda kuung'oa utageuka kansa, na mimi nitalala kwenye kaburi lako siku mbili kabla hujaletwa, nilipashe joto!"

Alikuwa amesema yote. Hakuna kilichopungua, hata daktari asingeongeza neno. Nilishika ukingo wa kiti nikisubiri.

Baba alicheka. Alicheka mpaka akainama, akapiga goti kwa kiganja, akafuta machozi kwa kola ya shati. "Uyoga!" alisema. "Wewe uyoga umekuota kichwani, ndiyo maana huvui kofia!"

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo mtoto yeyote wa Unyamwezi analijua kabla hajaota meno. Mtani anaruhusiwa kusema ukweli wowote kwa sababu hakuna anayelazimika kuuamini. Ruhusa yake imetoka hapo. Mimi nilikuwa nimechukua habari ya uhai wa Baba nikaiweka katika mdomo pekee ulimwenguni ambao kwa miaka arobaini hakuwahi kuuamini hata siku moja.

Alirudia siku ya pili, Baba akacheka zaidi. Mtani alipoongeza kiapo, Baba alikiri kwamba utani wake umepanda kiwango. Jumapili Baba aliwasimulia wenzake nje ya kanisa habari ya uyoga wake, akiigiza sauti ya mtani, na watu wakacheka mpaka mchungaji akasogea aelezwe naye acheke. Wengi kati ya waliocheka walikuwa wanajua ukweli wote. Wanakwaya walikuwa nao tangu mwezi wa kwanza. Nilisimama pale na kitabu changu cha nyimbo nikiangalia Ntalikwa nzima inamcheka Baba kwa ugonjwa wake, naye anawaongoza, na nilitamani kupiga kelele. Nikatabasamu. Shangazi aliniambia kundi limefanikiwa kwa sababu sasa Baba ameambiwa.

Wiki iliyofuata mtani alinifuata shuleni. Sikuwahi kumwona pale. Alisimama nje ya ofisi ya walimu akiwa hana hata tone la mzaha.

"Mwalimu, nimemwambia mara nne. Kila nikimwambia ananiona fundi wa utani. Nimwambieje?"

"Sijui, Mzee."

"Wewe ndiye umesoma."

"Sijui," nilirudia, na nilikuwa nasema kweli.

"Limebaki jambo moja," alisema. "Lakini nikilifanya, huenda tusiwe tena kama tulivyokuwa." Hakunieleza ni lipi. Aliniambia tu nifike Ntalikwa jioni.

Nilipofika, Baba alikuwa amekaa nje na bakuli la karanga za kuchemsha. Shangazi alikuwa akichambua matembele. Mtani aliingia uani pole pole. Alivua kofia, nami nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana kipara. Alisogea hadi mbele ya Baba, akainama kidogo, akasema:

"Shikamoo, kaka."

Shangazi aliacha matembele. Baba hakuitikia. Alimwangalia mtu yule kuanzia miguuni hadi kichwani, kama aliyeletewa mgeni asiyemfahamu, na mkono wake uliokuwa ndani ya bakuli ukabaki humo.

"Nimekukosea nini?" aliuliza hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya kuumia.

"Hujanikosea, kaka. Unaumwa. Yale niliyokuambia si utani. Mwanao anajua. Ametoka nayo kwa daktari."

Nimewahi kuona watu wakipokea habari za vifo. Sijawahi kuona mtu akiogopa kama Baba alivyoiogopa ile shikamoo. Yale matusi mazuri ya miaka arobaini yalikuwa yamemhakikishia kila siku kwamba yu hai, na sasa yameondolewa. Alinigeukia.

"Tangu lini, mayu?"

"Tangu siku ile ya majibu."

"Ni miezi mingapi?"

"Minne kasoro kidogo, Baba."

Shangazi alianza kusema kwamba ulikuwa uamuzi wa wote. Baba aliinua mkono, naye akanyamaza. Kisha akaniambia nimweleze, na nisiruke kitu. Nikakaa chini mbele yake na kwa mara ya kwanza nikafundisha somo lile kwa mtu ambaye lilikuwa lake. Sauti yangu haikufika hata mlangoni. Nilimweleza vijidudu, kivimbe, maandishi ya seli, jeni inayosahihisha. Mfano wa daftari haukumfaa sana. Alifikiri, akatafuta wake.

"Kwa hiyo njia ina mkaguzi," alisema.

"Ndiyo."

"Na mkaguzi hajafa. Yupo kazini, ana nyundo yake. Ila amezibwa mdomo, hawezi kusema boliti imelegea."

"Ndiyo, Baba. Ni hivyo hasa."

"Na treni zinaendelea kupita."

Nikaitikia kwa kichwa. Alinitazama muda mrefu, wala hakuwa na hasira, ningefurahi angekuwa nayo. "Tutakwenda Mwanza kesho kutwa," alisema. Akamwelekea mtani, akasema kwa adabu ileile aliyoletewa, "Nawe utanisindikiza, ndugu yangu." Wazee wale wawili walikaa jioni ile wakiulizana habari za mashamba kama wageni kwenye kituo cha basi, na ilikuwa vigumu kuwasikiliza.

Kivimbe kilitolewa. Ilichukua muda mfupi kuliko kikao chochote cha kundi letu. Daktari alikipeleka chote maabara, maana kwa kuchelewa kwetu hakutaka kutuahidi kitu. Tulifikia kwa binamu yangu Mwanza, tukasubiri wiki mbili. Baba alikula uji na kuangalia ukuta. Mtani alimwamkia kila asubuhi na Baba akaitikia kila asubuhi, na hakuna aliyejua jinsi ya kuacha.

Siku ya majibu tulikaa kwenye benchi sote watatu. Mlango ukafunguka. "Ndugu wa mgonjwa?"

Nilisimama kwa mazoea, nikaingia, na nikasoma ile karatasi mara tatu kwa macho yangu. Kivimbe kilikuwa kimetoka chote. Kingo zake zilikuwa safi. Seli mbaya hazikuwa zimepenya kwenye ukuta wa tumbo. Kansa haikuwemo. Atarudi kila baada ya miezi kadhaa kuangaliwa kwa kamera, kwa maana mahali palipowahi kunyamazishwa jeni moja panaweza kunyamazishwa nyingine, lakini kwa leo Baba yangu alikuwa mzima. Daktari alisema tulikuwa na bahati. Sikumuuliza bahati yetu ilibakiza siku ngapi. Machozi yalinitoka nikiwa bado chumbani, nikatoka nikiwa ninacheka na kulia.

"Umepona, Baba! Kimetoka chote. Hakuna kansa."

Aliukagua uso wangu kwa makini, boliti moja moja.

"Mayu," alisema taratibu, "wewe ni mtoto mzuri. Lakini siku ile ulitoka mlango huohuo, ukanitazama hivyohivyo."

Kisha akamwambia mtani, "Ingia wewe."

Daktari alisimama mlangoni hajui la kufanya. "Huyu ni nani kwa mgonjwa?"

"Mtani wangu," alisema Baba. "Mwambie kila kitu."

Yule mzee akaingia, mlango ukafungwa. Nilirudi kukaa kwenye benchi kando ya Baba, karatasi ikiwa mkononi, imeandikwa kila nilichosema, na hakuna aliyeniomba nimsomee. Mtani alikaa mle ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa anavaa kofia.

"Inuka, mpagazi!" alisema, na korido nzima ikageuka. "Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka pwani hawakulalamika. Wewe kinyama cha ukubwa wa korosho kimekulaza wiki mbili! Tumbo lako limesafishwa, halina kitu, hata akili haimo. Twende ukale, nimechoka kukuamkia."

Baba alicheka. Kicheko kilianzia mbali, kikamtikisa mabega, akalazimika kushika ukuta. Akajibu kitu kuhusu visima vya Wagogo ambacho sitakiandika.

Tulikula kwa mama lishe mmoja nje ya geti la hospitali, ugali na sato. Baba aliagiza sahani kubwa. Muda wote alizungumza na mtani wake, na akicheka aligeukia upande ule. Chakula kilipoletwa nilichukua jagi la maji ya moto na beseni, nikapiga goti, nikamnawisha. Alinyoosha mikono yote miwili bila kuuliza kama maji yanaunguza. Kwa hilo bado alikuwa ananiamini.